Kabla ya Kirigiti, Pima Kasi ya Risasi Zako

Sifa zote hupewa bastola. Wenye vyeti vya silaha wakikutana, iwe ni Machakos mjini au chini ya mwembe hapa Kathiani, utasikia nani ana Glock mpya, nani bado ameshikilia Ceska yake ya zamani, nani amebadilisha shabaha za juu ya mtutu. Risasi zenyewe hakuna anayezitaja. Mtu hununua boksi alilolikuta dukani, akatia kwenye mkoba, akaenda uwanjani. Kwa mazoezi ya Jumamosi hilo si neno. Kwa mashindano makubwa ni neno, kwa maana kuna meza moja pale ambayo haijali unalenga vizuri kiasi gani. Hapo waamuzi huchukua risasi zako chache, wakazipiga mbele ya mashine ya kupima kasi, na namba inayotoka ndiyo inayosema kama alama zako ni halali.

Namba hiyo walenga shabaha huiita pawa fakta. Unachukua uzito wa kichwa cha risasi kwa greni, unazidisha kwa kasi yake ya futi kwa sekunde, kisha unagawanya kwa 1,000. Katika mchezo wa IDPA, ambao hapa kwetu makao yake yanajulikana kuwa uwanja wa Kirigiti kule Kiambu, bastola za kawaida za milimita 9 zinatakiwa kufikisha 125, na zile za daraja la CDP, yaani .45, zinatakiwa kufikisha 165. Wenzao wa IPSC, mchezo mwingine wa bastola, nao wameweka 125 kuwa kiwango cha chini kabisa. Kanuni hii ina maana yake. Risasi dhaifu hairushi mkono, na ambaye mkono wake haurushwi hupiga ya pili upesi kuliko jirani yake. Bila kiwango, mashindano yangekuwa ya nani ana risasi laini zaidi, si ya nani anaimudu bastola.

Vichwa vya milimita 9 huja kwa uzito wa aina tatu hivi. Chenye greni 115 lazima kikimbie futi 1,087 kwa sekunde ili kifikie 125, yaani mita 331. Chenye greni 124 kinahitaji futi 1,009. Kile kizito cha greni 147 kinaridhika na 851, kama mita 259 tu kwa sekunde. Waandishi wa kanuni za IPSC ni wakali kuhusu desimali: 124.99 ni 124. Hakuna kuongezewa senti.

Kabla hatujagusa mashine, tumalize habari ya sheria, maana hapa ndipo mtu mwema huingia matatani bila kukusudia. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu mtu kuwa na bastola wala risasi bila cheti, na cheti hicho hutaja pia idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Anayekitoa ni Bodi ya Leseni za Silaha. Kwa hiyo piga hesabu ya risasi za kupimia mapema, kabla hujajikuta umezidisha idadi kwa sababu ya hamu ya majaribio. La pili: usipime shambani. Najua mabonde yetu chini ya vilima vya Iveti yanashawishi, una mteremko wa udongo mbele na hakuna nyumba karibu. Lakini mlio wa bastola bondeni humfikia chifu kabla hujaokota ganda la kwanza, na OCS hatakuuliza pawa fakta. Pima kwenye uwanja wa shabaha uliosajiliwa, mbele ya afisa wa uwanja, hata kama ni safari ya kuamkia alfajiri.

La tatu ndilo linaloulizwa zaidi, hasa na wanaotazama video za Wamarekani. Kujaza risasi mwenyewe, yaani kununua maganda, fataki, baruti na vichwa ukavifunga kwa mashine ya mkono mezani, si kazi ya nyumbani Kenya. Mwenye cheti cha kawaida hana ruhusa ya kutengeneza risasi. Hiyo ni kazi ya waliosajiliwa, na serikali yenyewe ina kiwanda chake Eldoret, Kenya Ordnance Factories Corporation. Asikudanganye mtu kwamba ni jambo dogo kwa kuwa mashine ni ndogo.

Hata hivyo, watu wa Kathiani hawako Kathiani tu. Kuna walio Texas, kuna walio Minnesota, na huko kujaza risasi za matumizi yako mwenyewe ni jambo la kawaida kwa mlenga shabaha wa mashindano. Basi nitawaandikia wote wawili, anayenunua boksi na anayejaza mwenyewe, kwa kuwa kipimo ni kimoja. Tofauti ni kwamba wa kwanza akipata namba mbaya hubadilisha boksi, na wa pili hubadilisha ujazo.

Swali la kwanza la anayenunua boksi ninalijua.

"Mzee, hapa wameandika futi 1,150. Si basi?"

"Walipimia mtutu wako, kijana wangu?"

Hawakupimia mtutu wake. Kiwanda hupima kwa mtutu wake wa majaribio, na wako huenda ni mfupi zaidi. Glock 17 ina mtutu wa milimita 114. Glock 19, ambayo wengi huipenda kwa kuwa inafichika vizuri kiunoni, ina milimita 102. Risasi ileile hutoka polepole zaidi kwenye mtutu mfupi, kwa sababu gesi ya baruti imepata nafasi ndogo ya kuisukuma. Hata mitutu miwili ya urefu mmoja, ya kiwanda kimoja, hutofautiana. Kwa hiyo namba ya boksi ichukue kama bei ya kwanza ya muuza ng'ombe sokoni: pa kuanzia mazungumzo tu.

Mashine za kupima ziko za aina mbili ambazo utakutana nazo. Ya zamani ina macho mawili yanayotazama juu. Risasi ikipita juu ya jicho la kwanza saa huanza, ikipita la pili saa husimama. Wazo lenyewe la kupima kasi ya risasi ni la tangu 1742, pale Mwingereza Benjamin Robins alipoandika jinsi ya kufyatulia kipande cha mti kilichoning'inizwa na kupima kimebembea kiasi gani. Aina ya pili ni ya rada, kama LabRadar, au Garmin Xero C1 Pro iliyotoka 2023, ambayo ni ndogo kama simu nene na hukaa kando yako mezani. Ukiweza kuipata, chukua ya rada. Walenga shabaha kadhaa wakichanga, mashine moja inawatosha, maana haitumiki kila wiki.

Ukiwa na ile ya macho, kuna jambo ambalo vitabu vya Wazungu havilisemi kwa mkazo unaotufaa. Jua letu husimama utosini. Mchana, hasa Machi na Septemba, mwanga huingia moja kwa moja kwenye macho ya mashine na kung'aa juu ya kichwa cha risasi, na mashine huanza kusoma vitu ambavyo havipo, au hukosa kusoma kabisa. Funga zile ngao nyeupe za plastiki zinazokuja nayo, na pima saa mbili au saa tatu asubuhi. Siku ya mawingu ni bora kuliko zote. Chini ya paa lenye taa za umeme usijisumbue, maana taa humemeteka haraka kuliko jicho lako linavyojua na mashine huzisoma kama risasi. Iweke mita tatu mbele ya mdomo wa mtutu. Ikiwa karibu zaidi, mshindo na moshi huichanganya. Risasi ipite sambamba na mashine, si kwa mshazari. Na kama imeinama inabidi ukairekebishe, lakini usivuke mstari mpaka afisa wa uwanja atangaze kwamba bastola zote ni tupu na zimewekwa chini. Nimeona watu wenye busara zao wakisahau hilo kwa ajili ya mashine.

Ya rada haina shida ya jua. Shida yake ni majirani. Mwenzako akipiga kwenye njia ya pembeni, inaweza kuandika kasi yake katika orodha yako. Subiri anyamaze. Kumbuka pia kwamba rada hukupa kasi ya mdomoni, ilhali ile ya macho hukupa kasi ya mita tatu mbele, na risasi ya milimita 9 hupoteza takriban futi moja ya kasi kwa kila futi ya mwendo. Hivyo ukipima kwa rada na mashindano yakapima kwa macho, utakuta umepungukiwa futi nane, kumi hivi, bila mtu yeyote kukosea.

Sasa upigaji wenyewe. Tumia risasi kumi, si tatu. Piga kutoka magazini, kama utakavyofanya kwenye mashindano. Andika kila namba, hata ile inayokuudhi. Walio wengi hutazama wastani wakafurahi, na hapo ndipo kosa lilipo, kwa kuwa meza ya mashindano haipigi risasi zako mia ikatafuta wastani. Hupiga tatu.

Chukua mfano wa kubuni. Risasi za greni 124, namba tano za kwanza: 1,042, 1,018, 1,055, 1,029, 1,036. Wastani ni 1,036, pawa fakta 128. Umepita. Lakini kati ya ya chini na ya juu kuna futi 37, na mkengeuko sanifu, ambao mashine nyingi hukukokotolea zenyewe, ni 14. Wastani peke yake ni kama wastani wa mvua ya Ukambani: kwenye karatasi mwaka ulikuwa mzuri, na mahindi yalikauka. Zile tatu za chini kati ya hizo tano, 1,018, 1,029 na 1,036, zinakupa 127. Bado uko salama. Sasa fikiria boksi jingine lenye mtawanyiko uleule lakini wastani wa 1,015. Kwa wastani huo pawa fakta ni 125, halali. Ila risasi tatu zinaweza kuangukia 1,005 bila ajabu yoyote, na 1,005 mara 124 ni 124 na ushei. Umefeli kwa risasi ambazo nyumbani zilikuwa zimepita.

Ndiyo maana ushauri wangu ni huu: usitafute 125, tafuta 130. Kwa greni 124 hiyo ni kama futi 1,049. Mkengeuko wa 14 unaweza kula pointi mbili hivi ukipigiwa tatu. Mashine mbili zinaweza kutofautiana kwa asilimia moja bila moja kuwa mbovu, na hiyo ni pointi moja na zaidi. Hali ya hewa itakula yake. Pointi tano zinaisha upesi. Lakini usiende 140 kwa kiburi. Zaidi ya 130 unajitwika mrusho ambao hakuna anayekulipa alama kwa ajili yake, na mikono itakuambia mwisho wa siku. Mlenga shabaha mwenye risasi za wastani wa 1,049 na mkengeuko wa 9 yuko mahali pazuri kuliko mwenye 1,075 na mkengeuko wa 25.

Hali ya hewa nimeitaja, tuikalie kidogo. Watu huniuliza kuhusu mwinuko: Kathiani iko juu, Mombasa iko chini, je, kasi haibadiliki? Kwa mita tatu, hewa nyepesi au nzito haina la maana la kusema. Kinachosema ni joto, na si joto la hewa bali la baruti. Baruti nyingi za bastola huungua kwa nguvu zaidi zikiwa na joto, ingawa ziko chache zinazofanya kinyume. Julai asubuhi Kiambu ni baridi ya kuvaa sweta. Ukipima risasi zako Februari mchana, baada ya boksi kukaa kwenye dashibodi tangu Mombasa Road, umepima risasi tofauti kabisa na zile utakazopiga Julai saa mbili asubuhi. Pima mara mbili, katika majira mawili, na boksi likae kivulini ndani ya mkoba. Nafuu ufanye uamuzi kwa namba ya siku ya baridi.

Kwa wenzetu wanaobeba bastola kila siku, kuna tabia moja inayoharibu kipimo na inayoweza kuharibu bastola pia. Jioni unatoa risasi iliyo chembani, asubuhi unairudisha ileile. Kila inaporudishwa, kichwa hugonga njia ya kuingilia na husukumwa kidogo ndani ya ganda. Nafasi ya baruti ikipungua, shinikizo hupanda, na hupanda zaidi ya unavyodhani kwa upungufu wa milimita moja. Weka risasi hiyo kando ya mpya, zikiwa zimesimama mezani. Ikiwa fupi, isiingie kwenye majaribio wala kwenye bastola. Ikabidhi kwa muuzaji wako aliyesajiliwa.

Anayejaza mwenyewe kule ng'ambo ana kazi ya ziada, na ninamsihi aifanye bila haraka. Anza na ujazo wa chini uliochapishwa katika kitabu cha mtengenezaji wa baruti, wala si ule wa rafiki, panda hatua ndogo ndogo, na pima kasi katika kila hatua. Mashine hapa inakuwa mlinzi wako. Kasi ikizidi ile ya juu iliyoandikwa kitabuni wakati ujazo wako bado haujafika kiwango cha juu, chukulia kwamba shinikizo limeshazidi hata kama ganda halijaonyesha alama, na rudi nyuma. Ukiongeza baruti na kasi isipande, simama hapo. Na mlio ukitoka hafifu, pwa, na mashine isisome kitu, usivute kifyatulio tena hata kwa kulipwa. Kichwa huenda kimekwama ndani ya mtutu. Toa magazini, hakikisha chemba ni tupu, fungua bastola utazame.

Kuna jaribio jingine la kujaza ambalo wachache hulifanya. Maganda ya milimita 9 yakijazwa baruti nzito isiyochukua nafasi kubwa, baruti hulala upande mmoja. Inua mdomo wa bastola taratibu kabla ya kulenga, baruti itakaa karibu na fataki. Ukiinamisha kwanza, itakimbilia kwenye kichwa. Ukiwa uwanjani, na mdomo daima ukielekea kwenye ukingo wa udongo, piga tano kwa njia ya kwanza na tano kwa ya pili. Ukiona tofauti ya futi thelathini au zaidi, baruti hiyo haifai kwa kazi hii, kwa sababu kwenye mashindano unachomoa bastola kiunoni ikiwa imeinama, ilhali mezani mwamuzi ataipiga apendavyo yeye.

Pima uzito wa vichwa pia. Boksi likisema 124, weka kumi kimoja kimoja kwenye mizani ya kidijitali inayosoma desimali ya greni. Vichwa vya madini ya risasi vya kumimina kwenye kalibu hutofautiana zaidi kuliko vyenye koti la shaba. Utakuta 123.4 hapa na 124.5 pale. Ni kidogo, lakini pawa fakta hukokotolewa kwa uzito uliopimwa siku hiyo, si kwa ule ulioandikwa kwenye boksi.

Hilo linatufikisha kwenye meza yenyewe. Kwa utaratibu wa IPSC, maafisa huchukua risasi zako nane wakati wowote watakao, kwa hiyo usidhani utawachagulia. Moja hung'olewa kichwa kikawekwa kwenye mizani. Tatu hupigwa kwa bastola yako, wastani ukazidishwa kwa uzito ule. Ikifika, unakwenda zako. Isipofika, hupigwa tatu nyingine, na zenye kasi zaidi tatu kati ya sita ndizo huhesabiwa. Isipofika tena, inabaki risasi moja, na sasa wewe ndiye unayeulizwa: ipigwe, ili tatu bora zitoke kwenye saba, au ing'olewe kichwa, ili uzito wake utumike ikiwa ni mkubwa kuliko wa kwanza?

Anayeijua mizani yake hasiti hapa. Kama kichwa cha kwanza kilisoma 123.4 na daftari lako linaonyesha kwamba vingi vyako ni 124 na ushei, mwambie ang'oe. Kwa wastani wa futi 1,010, greni 123.4 ni 124, greni 124.2 ni 125. Kama kichwa cha kwanza kilikuwa tayari kizito, mwambie apige, na uombe ile ya saba iwe na kasi. Anayefeli hata hapo huruhusiwa kuendelea kupiga hatua zilizobaki, ila bila alama. Wengi hubaki wakapiga, kwani ada wameshalipa na Kirigiti ni mbali na Kathiani.

Daftari nililolitaja liwe na tarehe, saa, joto, bastola ipi, namba ya toleo iliyopigwa muhuri kwenye boksi, na kasi zote moja moja. Namba ya toleo wengi huiacha. Kampuni ileile, jina lilelile, uzito uleule, lakini toleo la mwaka huu linaweza kuwa futi thelathini chini ya la mwaka jana. Ukibadilisha toleo wiki moja kabla ya mashindano, beba kumi uzipime upya, na kama huna nafasi ya kuzipima, piga zile za zamani.